Siku Mbili Amu: Namna ya Kula, Kutembea na Kupanga Ziara kwa Kufuata Maji

Kila Disemba inapokaribia, yeyote anayejulikana kuwa na jamaa Lamu, au Amu kama wenyeji wanavyoiita, hupokea maswali yale yale: tule wapi, siku mbili zinatosha, magofu ya Takwa yako mbali kiasi gani, na kijiji cha Shela tuende kwa miguu au kwa boti. Nimeyajibu kwa mdomo kwa miaka kadhaa na sasa naona ni afadhali kuyaandika. Majibu yenyewe si magumu, ila yote yanategemea jambo moja ambalo mgeni wa bara huwa halimjii akilini kabla ya kufika: shughuli za Lamu hupangwa kwa kujaa na kukupwa kwa maji, kisha kwa nyakati za swala, na saa ya mkononi huja nyuma ya hayo mawili. Anayelizingatia hilo huuona mji, Shela na Takwa kwa siku mbili bila kukimbizana. Asiyelizingatia hupoteza nusu siku akiwa ameketi ndani ya dau lililokwama kwenye tope la mikoko, kama nilivyoketi mimi.

Mwongozo huu unamhusu anayefika alasiri, akalala mara tatu, akapata siku mbili kamili za mchana, kisha akaondoka.

Vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Kitambulisho cha taifa au pasipoti kwa kila mtu mzima. Barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu hadi Mokowe ina vizuizi vya polisi, na abiria huonyesha vitambulisho zaidi ya mara moja.
- Pesa taslimu katika noti ndogo ndogo. M-Pesa hupokelewa karibu kila mahali mjini, lakini mwenye boti anapokuwa amefunga chombo upande wa pili wa mkondo wa bahari, penye mtandao hafifu, atataka noti mkononi.
- Ndara au viatu visivyoogopa maji chumvi. Utapanda na kushuka kwenye vyombo, na vichochoro vina vinyesi vya punda.
- Nguo zinazofunika mabega na magoti, pamoja na leso au kikoi. Nguo ya kuogelea ivaliwe ufukweni tu.
- Tochi, kofia, dawa ya kuzuia kuhara na chumvi za kuongeza maji mwilini.
- Tarehe ya mwezi wa Kiislamu ya siku utakazokuwepo. Hii ndiyo muhimu kuliko zote, na haina uzito mfukoni.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuutazama mwezi

Katika pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa kila siku moja na ushei, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Hicho ndicho kipindi cha bamvua, ambapo maji hujaa sana na kutoka sana. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na wakati wake wa kujaa ni karibu saa nne.

Kwa hesabu hiyo, siku nzuri kuliko zote kwa mgeni ni zile tatu nne zinazotangulia mwezi mpevu au mwandamo, yaani tarehe 11 hadi 14 na tarehe 26 hadi 29 za mwezi kwa kalenda ya Kiislamu. Siku hizo maji hujaa kati ya saa saba na saa kumi mchana, na safari ya Takwa huingia katikati ya siku bila kuvunja usingizi wala chakula cha jioni. Siku mbaya ni ya tatu hadi ya tano baada ya mpevu au mwandamo, kwa kuwa maji hujaa asubuhi mapema na magharibi, na mchana kutwa njia za mikokoni huwa kavu. Mwenye tarehe zisizobadilika asivunjike moyo; abadilishe tu mpangilio wa siku zake kama nitakavyoeleza katika hatua ya 5 na ya 6.

Kuhusu msimu, epuka Mei ikiwa unaweza, kwa sababu masika huwa yamekolea na bahari imechafuka kwa upepo wa kusi. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ndiyo majira ya bahari tulivu na ya maembe. Wakati wa Ramadhani hoteli za chakula mjini hufunga mchana. Ukienda wakati huo, nenda kwa ajili ya futari, na ujue hivyo mapema. Maulidi ya Msikiti wa Riyadha hujaza nyumba zote za wageni, kwa hiyo chumba kitafutwe mapema sana.

Hatua ya 2: Fika kabla ya jua kutua

Ndege hutua kisiwa cha Manda, na mbele ya uwanja kuna gati la boti zinazovuka mkondo hadi mjini au Shela. Basi la kutoka Mombasa au Malindi huishia Mokowe, bara, na kutoka hapo utavuka kwa boti ya abiria wengi au kwa boti ya kasi. Kabla ya kukata tikiti ya basi, uliza ofisini kwao hali ya barabara ya Garsen hadi Mokowe siku hiyo, kwa kuwa kuna nyakati magari huenda kwa msafara chini ya ulinzi.

Ukishuka gatini, vijana watakupokea mzigo na kujitolea kukuongoza. Wengi ni watu wema wanaotafuta riziki, lakini mapatano yafanywe kabla mzigo haujainuliwa. Sema jina la nyumba unayokwenda, uliza ujira wake, mkubaliane, ndipo umfuate. Kosa la kawaida ni kunyamaza kwa haya mpaka mlangoni, kisha kugombana.

Hatua ya 3: Usiku wa kwanza kula karibu, usile sana

Tafadhali elewa kwamba Lamu neno hoteli kwa kawaida humaanisha mahali pa kula. Ziko za aina tatu, na kila moja ina saa yake.

Aina ya kwanza ni hoteli ndogo za ndani ya mji, kwenye njia kuu inayopita nyuma ya majumba ya ufukweni na upande wa mtaa wa Langoni. Hapo hupatikana mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki mchana, na maharagwe, chapati na chai nyakati zote. Aina ya pili ni mikahawa ya barabara ya pwani, inayoelekea maji, ambayo hupika samaki, kamba, kaa na pweza kwa wageni na kusaga juisi za embe, ukwaju, pasheni na ndimu. Aina ya tatu si hoteli kabisa: ni majiko ya mkaa yanayotolewa nje baada ya magharibi karibu na uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, penye mishkaki, viazi karai, bajia na sambusa.

Usiku wa kwanza chagua aina ya tatu. Utakuwa umechoka, na chakula kilichotoka motoni mbele ya macho yako hakikusumbui tumbo. Kaa barazani, kula kidogo, kisha mngoje muuza kahawa. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona, kwa mlio wa vikombe anavyovigonganisha. Kahawa ni chungu, haina sukari, na huandamana na halua au tende. Mzee akikusogezea kikombe, kipokee kwa mkono wa kulia na umsalimie kabla ya kunywa.

Pombe usiitafute mjini. Mji ni wa Waislamu, na inayouzwa iko katika hoteli chache za wageni, hasa upande wa Shela. Kuitembeza mkononi njiani ni utovu wa adabu ambao hakuna atakayekukemea kwa sauti, lakini wote watauona.

Hatua ya 4: Asubuhi ya kwanza, mji kwa miguu

Toka saa moja, kabla jua halijapanda. Kula mahamri na mbaazi, kisha uende sokoni, kando ya Ngome, uone samaki wakiingizwa: changu, tafi, tewa, kolekole, nguru. Ukikusudia kupikiwa jioni, huu ndio wakati wa kununua. Tazama macho yawe yamejaa na maangavu, fungua mashavu uone wekundu, na umbonyeze ubavuni. Alama ya kidole ikibaki, mwache.

Kutoka sokoni ingia Ngome. Ujenzi wake ulianza takriban 1813, baada ya vita vya Shela, ukamalizika 1821, na kwa miaka mingi ilikuwa jela hadi 1984. Panda juu ya ukuta. Kutoka pale utaelewa ramani ya mji vizuri kuliko kwa simu: bahari iko mashariki, Mkomani kaskazini, Langoni kusini, na mji wote unainuka taratibu kuelekea magharibi.

Baadaye nenda Makumbusho ya Lamu, kwenye barabara ya pwani. Ukiwa na saa moja tu ya makumbusho, imalizie hapa, na katika hiyo saa tumia sehemu kubwa mbele ya siwa mbili, yaani baragumu kubwa za sherehe, ya pembe ya ndovu ya kisiwa jirani cha Pate na ya shaba ya Lamu. Nyumba ya Kiswahili ya makumbusho, iliyo ndani ya mji, huonyesha namna familia ilivyoishi katika karne ya 18, pamoja na zidaka za ukutani na dari ya boriti za mikoko. Jumba la Posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888, ni la kupita tu. Kituo cha kutibu punda, kilichoanza 1987, kiko barabara ya pwani na watoto hukipenda.

Tahadhari ziko mbili. Ukisikia nyuma yako mtu akiita "Simile!", usigeuke kutafuta ni nani, bandika mgongo ukutani kwanza, kwa sababu punda aliyebeba mawe ya ujenzi hasimami, na kichochoro kina upana wa mabega mawili. Pili, usimpige picha mtu, hasa mwanamke aliyevaa buibui, bila kuomba ruhusa, wala usiingie msikitini kama mtalii anavyoingia kwenye jengo la maonyesho.

Saa sita hadi saa tisa rudi ndani upumzike. Ijumaa maduka mengi hufungwa kwa swala, kwa hiyo usipange kununua chochote adhuhuri; badala yake tafuta biriani baada ya watu kutoka msikitini.

Hatua ya 5: Shela, maji yakiwa yamekupwa

Shela iko takriban kilomita 3 kusini mwa mji, mwendo wa dakika 40 hivi kwa kufuata pwani. Maji yakiwa yametoka, njia ni nyepesi na mchanga ni mgumu. Maji yakijaa, sehemu ya mwisho ya njia humezwa, na wageni huonekana wakitembea na viatu mkononi huku mawimbi yakiwafika magotini. Basi fanya hivi: nenda kwa miguu maji yakishuka, rudi kwa boti maji yakipanda. Siku za bamvua maji hukupwa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo Shela iwe ya asubuhi na mji uwe wa jioni. Siku za maji mafu, geuza.

Kijijini pita uutazame Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa 1829, wenye mnara mrefu wa mviringo kama mshumaa. Kisha ufuo unaanza, kilomita 12 za mchanga mtupu, usio na kivuli wala kibanda. Beba maji ya kunywa kutoka kijijini. Ogelea mbele ya ufuo wa wazi, wala si kwenye mlango wa mkondo, ambako maji yanayotoka huvuta kwa nguvu hata muogeleaji hodari. Usiende peke yako mbali sana, na simu ya thamani iache nyumbani.

Vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya ufuo si mapambo. Mvua inayonywea humo ndiyo maji matamu ambayo mji wa Lamu umeyategemea, kwa hiyo usiache taka wala usiwaruhusu watoto kung'oa mimea inayoshika mchanga. Ni hapo pia palipopiganwa vita vya Shela, ambapo jeshi la Pate na Mazrui wa Mombasa lilishindwa na watu wa Amu. Husimuliwa kwamba walipokimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yameshakupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga.

Hatua ya 6: Takwa kwa dau, maji yakiwa yanajaa

Takwa ni magofu ya mji uliostawi katika karne za 15 hadi 17 upande wa pili wa kisiwa cha Manda. Kuna msikiti wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, nyumba zilizobaki kuta, na kaburi lenye mnara ambalo watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Chombo hufika kwa kupita mkono wa bahari ulio katikati ya mikoko, na mkono huo hupitika tu maji yakiwa mengi.

Jioni iliyotangulia, zungumza na nahodha mwenyewe gatini, badala ya mtu wa kati. Muulize mambo haya kwa utaratibu: kesho maji yanajaa saa ngapi, mtaondoka saa ngapi na kutoka Takwa saa ngapi, bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa, chakula, mafuta na kiingilio cha magofu vimo au havimo, na jaketi za kuokolea zipo za watu wote. Omba uzione. Jibu la swali la kwanza ndilo litakaloonyesha kama unazungumza na baharia: anayejua atakutajia saa papo hapo, na asiyejua atakwambia "wakati wowote".

Kanuni ni kuingia maji yakiwa bado yanapanda, takriban saa moja na nusu kabla hayajajaa kabisa, na kuanza kutoka mara tu yanapogeuka. Mimi niliivunja. Nilimsihi nahodha aniongeze nusu saa ya kupiga picha, naye, kwa kuwa nilikuwa mgeni wake, hakutaka kunikatalia. Tuliporudi kwenye dau maji yalikuwa yametuacha kwa kina cha kiganja. Alisukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, mara tatu, akauweka chini, akafungua mfuko wa kahawa na kuniambia bila hasira, "Hapa sasa ni kukaa, mwanangu, hata yajae tena." Tulikaa mpaka usiku, na mbu walikuwa wengi kuliko maneno.

Safari nyingi huunganishwa na chakula kwenye ufuo wa Manda, samaki akichomwa juu ya makaa na kuliwa kwa wali wa nazi na kachumbari. Hicho ndicho chakula cha mchana bora utakachokipata Lamu, na nakishauri kuliko mkahawa wowote. Mwenye muda wa ziada aende Matondoni, ambako majahazi hujengwa na mikeka husukwa. Asiye na muda aiache bila majuto.

Hatua ya 7: Usiku wa mwisho, samaki wa kupaka

Samaki wa kupaka huagizwa mapema, kabla ya magharibi, kwa sababu akipikwa sawasawa huchukua karibu saa nzima. Hutiwa chale, akapakwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, akabanikwa juu ya makaa. Kando, tui zito huchemshwa na bizari na ndimu hadi linakuwa kama uji, kisha samaki hupakwa, akageuzwa, akapakwa tena, mpaka tui linashika na kingo zinaungua kidogo. Ukiletewa sahani baada ya dakika kumi, ujue ni samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi. Mle kwa wali, au ukibahatika kwa mkate wa mofa, ule wa mtama unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo.

Mambo yakiharibika

*Umepotea vichochoroni.* Tazama mfereji ulio pembeni ya njia. Maji yake huteremka kuelekea baharini. Ufuate, na baada ya dakika chache utatokea barabara ya pwani.

*Tumbo limeharibika siku ya kwanza.* Mara nyingi sababu ni barafu au maji ya bomba, mara chache sana ni samaki. Kunywa maji ya chupa yenye chumvi za kuongeza maji, kula wali mweupe na ndizi, na uihamishie Takwa siku ya pili. Homa ikiingia, nenda hospitali bila kusubiri.

*Upepo umekaza na nahodha anakataa kutoka.* Usimtafute mwingine atakayekubali. Tumia siku hiyo Makumbusho au uvuke mkondo hadi Manda mahali palipo na hifadhi.

*Kijana amekufuata tangu gatini na haachi.* Msalimie, mwambie kwa upole, "Ahsante kaka, leo natembea na wenyeji wangu," kisha usiendeleze mazungumzo. Ukali humfanya abaki.

*Mtandao umekatika na noti zimekwisha.* Mwambie mwenye nyumba mapema. Usingoje asubuhi ya kuondoka, kwa sababu mashine za kutolea pesa ni chache na nazo hutegemea mtandao huo huo.

*Una ndege ya kurudi.* Uwanja uko kisiwa kingine. Uwe gatini muda wa saa mbili kabla ya ndege kuruka, hasa maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa hapo ngazi za gati huwa ndefu na zenye utelezi kwa mwenye masanduku.

*Una basi la kurudi.* Mabasi mengi huondoka Mokowe mapema sana. Kubaliana na mwenye boti usiku, mpe nusu ya nauli, chukua namba yake ya simu, na umwombe akupigie akishaamka kwa swala ya alfajiri.